Fundi wa Somanda na Kompyuta Niliyoizima kwa Sababu ya Msiba

Fundi hakuwa na desturi ya kuuliza kompyuta ina nini. Alikuuliza wewe umeifanya nini. Ukimjibu kwamba imezimika yenyewe, aliweka chini bisibisi, akavua miwani, akakutazama kama mama mkwe anavyomtazama mkwe aliyefika msibani watu wameshakula. Kisha husema, "Hiyo haina mikono, namhala. Mikono ninayoiona hapa ni yako."

Namhala ni mzee, kwa Kisukuma. Alianza kuniita hivyo kabla mvi zangu hazijakamilika, nami sikumkatalia. Mimi nilimwita mayu, yaani mama, ingawa kwa umri nilimzidi. Mjini Bariadi wengine wote walimwita Fundi tu, na hakukuwa na haja ya kuuliza fundi yupi. Mafundi wanaume walikuwepo, tena wengi, lakini hao walitajwa kwa majina.

Mimi ninayeandika haya nimeishia darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asijisumbue kunitafutia makosa. Nimelima pamba, nimefuga ng'ombe, nyumba ya matofali ya kuchoma nimeijenga bila msaada wa mtu, na kompyuta nimeinunua mwenyewe, nikaiweka sebuleni kwenye meza yake. Wako waliosoma mtaani kwetu ambao hawana hata meza.

Chumba cha kazi cha Fundi kilikuwa mtaa wa Somanda, pembeni mwa njia ya kwenda hospitali. Nje bodaboda zilipigiana honi kutwa nzima. Ndani hakutaka hata mtu apige mluzi. Zamani alikuwa mpiga chapa wa ofisi, enzi za mashine za kugonga kwa chuma, na vidole vyake havikusahau. Aligonga kompyuta za watu kwa nguvu ile ile. Ukiwa nje ungedhani anapasua kuni. Watu walilalamika, "Fundi, utaivunja." Alijibu, "Ikivunjika kwa kuandikwa haikuwa kompyuta."

Alikuwa na kigoda kimoja cha mteja, na juu ya kigoda kile hapakukaa mtu bure. Mwenye mashine alishika tochi. Awe mchungaji, awe bwana mkubwa wa ofisini, atashika tochi, na mkono mwingine atashika kifuniko cha kopo ambamo Fundi anadondoshea skurubu. Nilimuuliza kwa nini asinunue taa ya mezani. Akasema taa anayo, iko kabatini. "Lakini mtu akishika tochi anaona uchafu wake mwenyewe."

Wangu niliuona. Mwaka wa kwanza nilikuwa naweka magunia ya pamba sebuleni msimu wa mavuno, maana ghala lilijaa. Mashine ikawa inapiga kelele na kuchemka kama sufuria. Fundi akafungua boksi lake, akaingiza vidole nyuma ya feni, akatoa pamba ya kujaza kiganja. Akaipima kwa mkono.

"Namhala, hii unaipeleka kuuza wapi?"

Waliokuwa wanasubiri wakacheka. Mimi sikucheka. Lakini magunia niliyatoa siku hiyo hiyo, na tangu hapo mashine ikavikwa kitenge kila jioni kama mtoto wa kubebwa.

Siku nyingine alikuja kijana mmoja wa ofisini, tai shingoni, na kompyuta ya kukunja mkononi. Akaeleza kwa maneno marefu ya Kiingereza, sijui mfumo umefanya hivi, sijui programu imegoma vile. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu. Kisha akauliza taratibu:

"Chai ilikuwa ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa," kijana akajibu, halafu akaziba mdomo.

"Afadhali umesema. Ya maziwa inaganda. Shika tochi."

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila upande. Alihubiri kila siku kwamba mtu aweke nakala mbili za kila kitu, moja nje ya nyumba, lakini cheti chake mwenyewe cha upigaji chapa kililiwa na mchwa ndani ya sanduku, na nakala hakuwa nayo. Alitengeneza mashine za watu zenye kumbukumbu ya kutisha, ila yeye aliandika mambo yake kwenye daftari la shule, kwa penseli. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya tochi. Kanisani aliimba sauti ya pili, laini kabisa, mpaka unajiuliza kama ndiye. Kesho yake ukimkuta anapambana na printa iliyomeza karatasi, maneno aliyoiambia printa ile siwezi kuyaandika hapa, na ndugu wachungaji wanasoma.

Tena alikuwa mgumu wa kusamehe uongo mdogo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Uongo mkubwa alikuwa anaupita. Mtu akijisifu ana ng'ombe mia, Fundi husema, "Wakue." Lakini umwambie hukugusa kitu na wewe uligusa, hapo mtagombana. Nilidhani ni ukali wa maofisini alikotoka. Sababu niliijua baadaye sana, na nitaifikia.

Kwanza niseme la kwangu.

Asubuhi moja kompyuta yangu ilikuwa inajiapdeti. Wenye mashine hizi wanajua: inaacha kazi zako zote, inaweka maandishi ya Kizungu na namba zinazopanda polepole kuelekea mia. Binti yangu mkubwa alishanielekeza kwa simu: "Baba, ukiona namba zinapanda, usiiguse hata kama inachukua kutwa." Sikuigusa. Nilikaa naitazama huku redio inasoma habari. Ilikuwa imepita thelathini.

Mara kilio kikatoka nyumba ya jirani.

Jirani yangu alikuwa mfugaji aliyetoka Nkololo, rika langu, rafiki yangu wa miaka mingi. Alikuwa anaumwa. Nilipomsikia mke wake analia vile nikajua. Na kwetu msiba ukiingia kwa jirani, nyumba yako nayo inanyamaza. Redio inazimwa, televisheni inazimwa, hata mwenye mashine ya kusaga anaisimamisha. Kukiwa na kitu kinachonguruma ndani kwako huku mwenzio analia, watu watakutaja mpaka ufe. Mimi sikuanza kuzima kimoja kimoja. Nilikwenda ukutani nikashusha swichi kuu. Nyumba ikatulia tuli. Nikavaa koti, nikaenda kukaa na wanaume.

Apdeti? Sikuikumbuka hata kidogo. Nilikuwa nawaza rafiki yangu.

Saa sita hivi mjane akaniita pembeni. Macho yamevimba, sauti imekauka.

"Shemeji, picha ya mwenzio iko kwako."

"Picha gani?"

"Ile ya harusi. Kesho saa nne tunamzika, na hapa hatuna uso wake."

Alikuwa anasema kweli. Yule bwana maisha yake yote alikimbia kamera. Kitambulisho alikuwa nacho, lakini humo alipigwa kama mtu aliyekamatwa, na mjane alisema hawezi kumsindikiza mumewe kwa ule uso. Siku moja tu alikubali, harusi ya binti yangu: amekaa uani kwangu, kofia imeegemea upande, chupa ya soda mkononi, anacheka mpaka pengo linaonekana. Mpiga picha alizihamishia picha zote kwenye kompyuta yangu, na muda si mrefu akaibiwa kamera na kila kilichokuwamo. Kwa hiyo kicheko kile kilikuwa mahali pamoja tu duniani, juu ya meza sebuleni kwangu.

"Nakuletea sasa hivi," nikamwambia.

Nikarudi, nikapandisha swichi, nikawasha. Vikatokea vidoti vinazunguka. Vikazunguka weee, maandishi yakaja, ikazimika. Ikawaka yenyewe, vidoti, maandishi, ikazimika. Mara nne. Ya tano ikaleta ukurasa wa buluu wenye vyumba vya kuchagua. Nikachagua kimoja. Ikaleta vyumba viwili, kimoja juu, kimoja chini. Nikabonyeza. Ikaanza kuhesabu upya, safari hii na maandishi mengine nisiyoyajua, na hapo moyo wangu ukaniambia, wewe mzee, umejua ulichobonyeza? Nikashusha swichi tena. Mara ya pili siku moja.

Nikalifunga lile boksi kwa kitenge cha mke wangu, nikalipakata kwenye bodaboda mpaka Somanda.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, namhala," akaitikia salamu. "Umeifanya nini?"

Pale ndani walikuwepo mwalimu mmoja wa sekondari na dada mwenye stashonari. Wiki iliyopita tu nilikuwa nimejisifu mbele ya huyo mwalimu kwamba kompyuta yangu naiendesha mwenyewe kama trekta. Nikasema:

"Umeme ulikatika ikiwa inajiapdeti."

Fundi akainua macho juu. Pangaboi lilikuwa linazunguka.

"Ulikatika wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu na hapa tunakula transfoma moja. Hili limezunguka tangu nifungue." Akavua miwani. "Namhala, kuna nini?"

Nikamweleza habari ya msiba na picha. Hiyo niliieleza vizuri. Ile nyingine nikawa naizungukazunguka. Akaniacha nimalize, kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akasema kwa sauti ya chini ambayo mwalimu hakuisikia.

"Nisikilize. Humu ndani kuna mahali ukibonyeza, inafuta kila kitu na kuanza upya. Kama ulipabonyeza na mimi nikawasha, nitakuwa namalizia kazi uliyoianza. Kama hukupabonyeza na mimi nikakaa naogopa, saa nne kesho itafika. Sikuulizi ili nikucheke. Nani alizima, mara ngapi, na ulibonyeza nini?"

Nimewahi kusimama mbele ya baraza la kata. Nimewahi kusimama mbele ya baba mkwe nikiwa na ng'ombe pungufu. Haikuwa ngumu kama kwenye kigoda kile.

"Nilizima mimi," nikasema. "Kwa swichi ya ukutani. Mara mbili."

"Ya kwanza kwa nini?"

"Kilio kilitoka kwa jirani."

Hakucheka. Alipangusa miwani kwa ncha ya kanga. "Ulizima kwa heshima."

"Ndiyo."

"Ingekuwa uzembe ningekufukuza na boksi lako. Haya, ya pili?"

Nikamwambia vyumba viwili.

"Ulibonyeza cha juu au cha chini?"

"Mayu, Kizungu mimi sisomi."

"Nani kakwambia usome? Ng'ombe wako ukimwona kwenye kundi la watu unamjua kwa kusoma?"

Nikafumba macho. Nikauona ukurasa ule, nikauona mkono wangu. "Cha juu," nikasema. "Kilikuwa kimeshakolea rangi kabla sijakigusa. Nikaona hicho ndicho chenyewe wanachokitaka."

"Hakika?"

"Nipe nile kiapo."

"Kiapo kakile nyumbani. Cha juu ni kile kinachobakiza mali za mtu. Cha chini ndicho kinachofagia." Akashusha pumzi, na ndipo nikaelewa kwamba na yeye alikuwa ameibana. "Lakini hatuwashi. Kwanza tunatoa watu ndani, nyumba tutaitengeneza baadaye. Shika tochi."

Akafungua boksi, akachomoa diski, kitu kidogo cha ukubwa wa sabuni ya kuogea, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ikakaa kimya. Akachomoa, akapuliza? Hapana, kupuliza kwa mdomo alikataza, alisema mate ya mtu ni chai nyingine. Alipangusa kwa brashi, akachomeka tena. Taa ndogo ya buluu ikaanza kupepesa. Vikaja vifaili, kimoja baada ya kingine, na mimi sikuweza kusoma hata kimoja kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji.

"Harusi ya nani hii?" akauliza.

"Ya binti yangu."

Akafungua. Akapita keki, akapita wapambe, akapita mimi mwenyewe nimevaa suti ya kuazima, nayo akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatokea. Kofia upande, soda mkononi, pengo.

Mwalimu aliyekuwa anasubiri alisimama akaja kuona. "Huyu mzee anacheka kweli kweli," akasema. Tochi ilikuwa inacheza ukutani.

Fundi akazinakili picha zote kwenye flashi mbili, akanipa moja, nyingine akaifunga kwa karatasi na kuandika kwa penseli "Namhala". Akachapa ile picha kwenye karatasi nzuri, mara mbili, maana ya kwanza printa iliitia mstari na ikatukanwa. Baada ya hapo ndipo akairudia kompyuta. Aliniambia apdeti iliingia nusu, kama mtu aliyevaa mguu mmoja wa suruali akaanza kukimbia. Lazima avuliwe ndipo avalishwe upya. Akaivua. Akaivalisha. Namba zikapanda polepole kuelekea mia na hakuna aliyezigusa. Jua lilipokuwa linaelekea kushuka ikawaka, na ng'ombe wangu niliowaweka kwenye skrini wakanitazama kama hakukutokea kitu.

"Wabeja, mayu," nikasema. Asante. Nilisema mara nyingi, akanifukuza.

Kesho yake tulimzika jirani akiwa anacheka mbele ya watu wote. Mjane aliishika ile picha kwenye fremu hataki kuiachia. Baada ya kuzika nilimweleza kilichotokea, habari ya swichi na yote. Akanitazama, halafu katikati ya machozi akacheka. "Shemeji, ulimzimia yeye? Angekucheka mpaka aombe maji." Fundi alikuja mazikoni. Alisimama nyuma na wanawake wa mtaa, akachota udongo wake, akaondoka bila kumwambia mtu kwamba picha ile imepita mikononi mwake.

Miaka ikaenda. Macho yake yakaanza kumsumbua, skurubu zikawa hazionekani, akafunga chumba na kuhamia Maswa, Binza, kwa mwanawe wa kike. Sikumwona muda mrefu. Juzi juzi nilikuwa Maswa kutafuta mbegu, nikaulizia, nikaonyeshwa. Nikamkuta barazani anachambua mchele kwa vidole, macho ameyaelekeza barabarani.

"Mwadila, mayu."

"Namhala!" Sauti tu ilimtosha. "Umeharibu nini tena?"

Tukacheka, tukaletewa chai, tukaulizana waliokufa na waliopona. Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe.

"Unamsikia yule mama anayesalimia watu?" Nyumba ya tatu kutoka hapo, mwanamke alikuwa anafagia huku anazungumza na kila apitaye. "Walikuwa wanakaa Bariadi zamani. Waliniletea kompyuta, kabla ya ile yako, miaka mingi kabla. Mume wake ni mwalimu wa kwaya. Alikuwa amerekodi nyimbo zake zote humo, alizozitunga mwenyewe. Mimi nilikuwa na haraka, wateja wamejaa. Sikuuliza kitu. Nikaifuta yote, kwa mkono wangu huu. Halafu nikawaambia ilikuwa imeshakufa ilipofika."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.

"Ndiyo maana nilikuwa nawauliza wateja," akasema. "Nikahamia hapa, nikawakuta ndio majirani. Kila asubuhi ananisalimia vizuri, na mimi naitikia."

Nikaweka kikombe chini. "Inuka twende."

"Wapi?"

"Kwake. Mimi nitakushika mkono. Kusema utasema mwenyewe."

"Namhala, niache nimalize mchele."

"Mchele hauendi popote. Inuka, mayu."

Akainuka. Tulitembea taratibu, maana njia alikuwa haioni vizuri. Yule mama akaacha ufagio, akatutolea viti. Fundi hakukaa. Alisema akiwa amesimama, yote, bila kuzunguka, kama mtu anayesoma kutoka kwenye daftari. Kompyuta ilifika nzima. Niliifuta mimi. Nyimbo nilizipoteza mimi. Niliwadanganya.

Yule mama alikaa yeye kwenye kiti alichotutolea sisi. Akaweka mikono mapajani.

"Wiki ile niliimwagia maji," akasema polepole. "Kidogo tu, wakati napangusa meza. Nilimwambia mume wangu ni mimi niliyeiua. Miaka yote hii, Fundi, akiimba wimbo akasahau ubeti, mimi natoka nje."

Mama yule akasimama ghafla, akageukia mlangoni, akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kicheko na kilio vimechanganyika humo humo:

"Baba watoto! Hebu toka! Toka uje usikie mwenyewe, haikuwa mimi!"